Wadudu na Utafutaji wa Dawa za Saratani: Mfano wa Nzi wa Nairobi

Kila baada ya mvua nyingi katika nchi za Afrika Mashariki, vituo vya afya hupokea wananchi wenye michirizi myekundu shingoni, usoni au mikononi, mithili ya ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto. Wengi wao hueleza kuwa wameumwa na mdudu usiku wakiwa wamelala. Kwa hakika mdudu huyo hakuwauma, kwa kuwa hana mwiba wa kuchomea. Ni mbawakawa mdogo ajulikanaye kama nzi wa Nairobi, ingawa si nzi, na kilichounguza ngozi ni maji ya mwili wake yaliyomwagika baada ya kupondwa. Ndani ya maji hayo imo kemikali iitwayo pederini. Kemikali hiyo hiyo imekuwa ikichunguzwa kwa miongo kadhaa katika maabara za nchi mbalimbali kama mojawapo ya sumu zinazoweza kuua seli za saratani.

Utafutaji wa dawa za saratani katika miili ya wadudu ni tawi dogo la sayansi ya dawa, lakini linazihusu nchi za tropiki kwa karibu, kwa kuwa huko ndiko waliko wadudu wengi zaidi. Linawahusu pia wagonjwa na familia zao, ambao mara kwa mara hukutana na habari mitandaoni kuwa sumu ya nyuki au unga wa mdudu fulani umeua saratani. Habari hizo aghalabu huwa na chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayozifanya kuwa za hatari.

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauhitaji kukuzwa. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 20 waligundulika kuwa na saratani duniani kote mwaka 2022, na milioni 9.7 walifariki kwa ugonjwa huo mwaka huo huo. Makadirio ya shirika hilo kwa mwaka 2020 yalionesha zaidi ya wagonjwa wapya 40,000 nchini Tanzania, na idadi inayokaribiana na hiyo nchini Kenya. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwishasambaa, na baadhi yao hufika wakiwa wamepitia kwanza kwa wauza dawa wasio na kibali chochote.

Kwa nini wadudu

Sayansi imekwishawapa majina wadudu wa aina zipatazo milioni moja, na wataalamu wanakadiria kuwa aina zote zilizopo duniani huenda zikafikia milioni 5.5. Mdudu ni kiumbe mdogo anayewindwa na ndege, mijusi, vyura, buibui na wadudu wenzake. Wapo wanaojilinda kwa kukimbia au kujificha, na wapo wanaojilinda kwa kemikali. Kemikali ya kujilinda, ili imfae mwenyewe, haina budi kugusa jambo la msingi katika mwili wa adui: ivunje utando wa seli, izuie utengenezaji wa protini, au ivuruge namna seli inavyogawanyika. Hayo ndiyo mambo yale yale ambayo dawa nyingi za saratani hukusudia kuyafanya kwa seli zinazozaliana bila mpangilio.

Mimea na viumbe wa baharini walitangulia kuchunguzwa kwa hoja hiyo. Dawa za vinkristini na vinblastini, zinazotumika mpaka leo kutibu saratani za damu na za tezi, zilitokana na mmea wa asili ya Madagaska ambao watu wengi wa pwani wanaupanda kama ua la bustani. Paklitakseli ilitokana na gome la mti wa pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Eribulini, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2010 kwa ajili ya saratani ya matiti, ina asili yake katika sponji wa bahari ya Japani. Wadudu walichelewa kufikiwa, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: gunia la majani hujazwa kwa siku moja, lakini gunia la mbawakawa wa aina moja huhitaji msimu mzima na watu wengi wa kukusanya.

Miongoni mwa waliojaribu mapema ni mwanakemia George Robert Pettit wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Katika miaka ya 1960 yeye na wenzake walianza kupima dondoo za wadudu na jamaa zao dhidi ya uvimbe, na matokeo ya awali yakachapishwa mwaka 1968. Miongo kadhaa baadaye kundi lake lilipata katika mwili wa panzi mkubwa wa kusini mwa Marekani kemikali iitwayo pankratistatini, yenye nguvu dhidi ya seli za saratani. Kemikali hiyo ilikuwa imekwishajulikana tangu mwaka 1984, lakini kutoka katika kitunguu cha yungiyungi aliyechumwa Hawaii. Panzi ni mla majani. Kinachokutwa ndani ya mdudu, basi, huenda kimetoka katika chakula chake, na mtafiti anayemkamata mdudu analazimika pia kujua alikuwa amekaa juu ya mmea gani.

Jambo hilo lilifanyiwa kazi kwa namna ya kuvutia nchini Panama. Watafiti waliokuwa wakishirikiana na Taasisi ya Smithsonian ya Utafiti wa Tropiki walilinganisha mimea ya msituni yenye kemikali zinazodhuru seli za saratani na ile isiyo nazo, kisha wakaangalia ni wadudu gani wanaokula kila mmea. Matokeo yao ya mwaka 2009 yalionesha kuwa mbawakawa na viwavi wenye rangi kali za onyo walipatikana zaidi kwenye mimea yenye kemikali hizo. Kwa maneno mengine, mdudu mwekundu au wa njano anayekaa wazi bila kuogopa ndege anaweza kumwelekeza mtafiti kwenye mti unaostahili kupimwa, na hivyo kuokoa miezi ya kuchuma majani kwa kubahatisha.

Sumu isiyotengenezwa na mwenye nayo

Nzi wa Nairobi ni jina linalotumika kwa aina mbili za mbawakawa wa jenasi ya Paederus wanaopatikana Afrika Mashariki, yaani Paederus sabaeus na Paederus eximius. Urefu wake hauzidi sana sentimita moja. Kichwa chake ni cheusi, kifua na sehemu kubwa ya tumbo vina rangi nyekundu ya chungwa, na mabawa yake ya juu ni mafupi yenye rangi ya samawati au kijani inayong'aa. Hukaa penye unyevunyevu, kwenye majani yanayooza, kingo za mito na mashamba ya mpunga, ambako huwala wadudu wengine waharibifu wa mazao. Kwa mkulima, kwa hiyo, ni rafiki. Mvua zinapozidi, huongezeka kwa wingi, na usiku huvutwa na mwanga wa taa hadi ndani ya nyumba. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilifuatwa na mlipuko mkubwa wa aina hiyo nchini Kenya.

Mtu anapompiga kofi mdudu huyo shingoni, au kumlalia, pederini hupakazwa kwenye ngozi. Maumivu hayaji papo hapo. Wekundu hujitokeza baada ya saa 24 hivi, na malengelenge hufuata siku mbili au zaidi baadaye, mara nyingi kwa umbo la mstari unaofuata njia ya kidole kilichompangusa. Sumu ikifika jichoni kwa kujifikicha, huleta uvimbe na maumivu makali ambayo madaktari wameyapa jina la jicho la Nairobi. Wataalamu wa afya wanashauri mdudu huyo apulizwe au aondolewe taratibu bila kupondwa, sehemu aliyopita ioshwe mara moja kwa maji na sabuni, na taa zisizohitajika zizimwe usiku katika msimu wake. Chandarua husaidia pia.

Ni nini kinachoifanya pederini iunguze namna hiyo? Ndani ya kila seli kuna vyombo vidogo viitwavyo ribosomu, ambavyo ndivyo viwanda vya protini. Pederini hunasa kwenye ribosomu na kusimamisha kazi, na seli isiyotengeneza protini haiwezi kugawanyika, hatimaye hufa. Kiasi kidogo mno hutosha: katika vipimo vya maabara, kiwango cha sehemu ya bilioni moja ya gramu katika mililita moja kimeonesha uwezo wa kuzuia mgawanyiko wa seli. Kwa hesabu za sumu za asili, hiyo ni nguvu ya hali ya juu.

Kupatikana kwake kulikuwa kazi nzito. Mwaka 1953 watafiti wa Italia, Pavan na Bo, walifanikiwa kuitenga pederini ikiwa safi baada ya kukusanya mbawakawa wapatao milioni 25 wa aina ya Paederus fuscipes. Pederini ni takriban asilimia 0.025 tu ya uzito wa mdudu, yaani robo gramu katika kila kilo moja ya mbawakawa, na kilo moja ni wadudu maelfu kwa maelfu. Umbo kamili la kemikali hiyo halikuthibitishwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, na wanakemia wa Japani waliweza kuiunda upya maabara katika miaka ya 1980, kwa hatua nyingi na mavuno madogo.

Wakati huo huo swali jingine lilikuwa likiwasumbua wataalamu wa wadudu. Ilibainika kuwa pederini hutengenezwa katika miili ya majike tu, tena si majike wote, nao huiingiza katika mayai ili buibui wasiwale watoto wao. Madume na mabuu huwa nayo ile tu waliyorithi katika yai au waliyoipata kwa kula. Mtafiti wa Ujerumani, Rupert Kellner, alionesha kuwa jike asiye na uwezo huo anaweza kuupata kwa kula mayai ya jike mwenye nao, na kwamba dawa za kuua bakteria huufuta. Uwezo unaoambukizwa kwa chakula na kufutwa kwa antibiotiki hauwezi kuwa wa mdudu mwenyewe. Mwaka 2002, Jörn Piel, akiwa katika Taasisi ya Max Planck ya Ikolojia ya Kemikali mjini Jena, alichapisha jeni zinazohusika na utengenezaji wa pederini, akaonesha kuwa ni za bakteria anayeishi ndani ya mbawakawa, ndugu wa karibu wa bakteria ajulikanaye kama Pseudomonas aeruginosa.

Ugunduzi huo ulifumbua fumbo lililokuwa limewashangaza wengi. Mwaka 1988 watafiti wa New Zealand walikuwa wamepata katika sponji wa baharini kemikali zinazoitwa mikalamidi, ambazo umbo lake linafanana mno na pederini. Mbawakawa wa nchi kavu na sponji wa bahari hawana undugu wowote wa kueleza mfanano huo. Utafiti uliofuata ulionesha kuwa kemikali za jamii hiyo zilizomo katika sponji mwingine, Theonella swinhoei, nazo hutengenezwa na bakteria wakaao ndani yake. Tangu hapo, kundi kubwa la watafiti limeacha kumtazama mdudu kama chombo kimoja na kuanza kumtazama kama nyumba yenye wapangaji, ambapo dawa inayotafutwa huenda ni mali ya mpangaji.

Pamoja na hayo yote, pederini haijawa dawa. Sababu ni ile ile inayoiunguza ngozi: haichagui. Ribosomu ya seli ya saratani na ribosomu ya seli nzima ya ini au ya utumbo huathirika sawasawa, na kipimo kinachotosha kuua uvimbe kinaweza kumdhuru mgonjwa kabla uvimbe haujapungua.

Mfano wa Milima ya Shimba

Kikwazo hicho si lazima kiwe mwisho wa safari, na ushahidi wake uko karibu na nyumbani. Mwaka 1972 mwanakemia wa Marekani, Morris Kupchan, alitangaza kemikali mpya iitwayo maytansini, iliyotoka katika kichaka cha jenasi ya Maytenus kilichokusanywa Ethiopia. Ilipohitajika kwa wingi, wakusanyaji walielekea Milima ya Shimba, katika pwani ya Kenya, ambako mmea wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, ulikuwa ukitumiwa na wenyeji kama dawa. Tani zipatazo 27 zilichumwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani.

Maytansini ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilikatisha tamaa. Ilikuwa kali mno kwa tumbo na mishipa ya fahamu, na ikawekwa kando kwa miaka mingi. Kilichoirudisha ni wazo jipya: badala ya kuimwaga sumu katika mwili mzima, ifungwe kwenye kingamwili inayotambua seli za saratani pekee, ili ifunguliwe ikishafika ndani ya seli hizo. Februari 2013, Marekani iliidhinisha trastuzumabu emtansini, dawa ya saratani ya matiti ya aina ya HER2 inayotumia mtoto wa maytansini kwa njia hiyo. Kutoka kichakani hadi kwa mgonjwa ilipita miaka 40. Watafiti wa pederini na mikalamidi wanaufuatilia mfano huo kwa makini, kwa kuwa sumu iliyo kali kupita kiasi ndiyo hasa inayohitajika pale inapobebwa kidogokidogo na kufikishwa mahali pamoja.

Tani zile 27 zilikusanywa wakati ambapo hapakuwa na mkataba wowote wa kimataifa unaoitaka nchi yenye mmea ishirikishwe katika faida. Suala hilo linarejewa hapa chini.

Mbawakawa wa malengelenge, nyuki na nyigu

Kemikali nyingine ya mbawakawa ina historia ndefu zaidi. Kantharidini hupatikana katika mbawakawa wa malengelenge, ambao baadhi ya jamaa zao huonekana Afrika Mashariki wakila maua ya maharage na kunde. Ilitengwa na Mfaransa Pierre Robiquet mwaka 1810. Nchini China, mbawakawa wa jenasi ya Mylabris wametumika katika tiba za jadi kwa zaidi ya miaka 2,000, ikiwemo kwa uvimbe. Sayansi ya sasa imeeleza kazi yake: huzuia vimeng'enya viitwavyo fosfatasi za protini, hasa aina ya 2A, ambavyo seli huvitumia kudhibiti mgawanyiko wake. Mtoto wake wa maabara, norkantharidini, mwenye ukali uliopunguzwa, amekuwa akitumika China kwa saratani ya ini, na kemikali iitwayo LB-100, iliyobuniwa katika mkondo huo huo, imefikia majaribio kwa binadamu nchini Marekani. Julai 2023 Marekani iliidhinisha kantharidini yenyewe, lakini kwa vinundu vya ngozi vya watoto vinavyoletwa na virusi, tena ikipakwa na mhudumu wa afya na si na mgonjwa nyumbani.

Tahadhari hiyo ina msingi. Kantharidini ikimezwa huchoma mdomo, koo na utumbo, huharibu figo na njia ya mkojo, na imekwishaua watu waliodhani wanakunywa dawa ya nguvu za kiume. Farasi hufa kwa kula majani makavu yaliyochanganyika na mbawakawa hao. Unga wa mdudu aliyesagwa hauna kipimo kinachojulikana; mdudu mmoja anaweza kuwa na sumu mara nyingi kuliko mwenzake wa shamba hilo hilo.

Sumu ya nyuki nayo imeandikwa sana. Takriban nusu ya uzito wake mkavu ni melitini, protini fupi yenye amino asidi 26 ambayo hutoboa utando wa seli. Septemba 2020 watafiti wa Taasisi ya Harry Perkins, Australia Magharibi, walitoa matokeo yaliyosambaa duniani kote. Walikusanya sumu ya nyuki na bambi wapatao 312 kutoka Australia, Ireland na Uingereza, wakaijaribu kwa seli za saratani ya matiti, zikiwemo zile za aina isiyoitikia dawa nyingi. Sumu ya nyuki wa asali na melitini ziliua seli hizo ndani ya saa moja kwa vipimo fulani, ilhali sumu ya bambi haikufanya hivyo. Kwa panya, melitini iliyounganishwa na dawa ya dosetakseli ilipunguza ukuaji wa uvimbe. Mwaka 2015 watafiti wa Brazili na Uingereza walieleza jambo linalofanana kuhusu nyigu wa Brazili, Polybia paulista: sumu yake iitwayo MP1 huvutwa na aina za mafuta ambazo seli ya saratani huziweka nje ya utando wake, ilhali seli nzima huzificha ndani.

Matokeo hayo ni ya kweli na ni ya maabara. Seli ndani ya kisahani hazina ini, figo wala moyo. Melitini inayotoboa seli ya saratani hutoboa pia chembe nyekundu za damu, na mtu mwenye mzio anaweza kupoteza maisha kwa kuumwa na nyuki mmoja tu. Kujichoma sumu ya nyuki kwa kusoma kichwa cha habari ni kuruka hatua zote zilizowekwa kumlinda mgonjwa.

Hatua hizo ni ndefu. Mdudu hukusanywa kwa kibali, hutambuliwa na mtaalamu, na kielelezo chake huhifadhiwa makumbusho ili aina yake isije ikabishaniwa. Dondoo lake hujaribiwa kwa seli. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kwa mfano, imekuwa ikitumia tangu mwaka 1990 mkusanyiko wa aina 60 za seli za saratani za binadamu. Dondoo linaloonesha uwezo hugawanywa sehemu kwa sehemu hadi kemikali moja ibaki, na hapo ndipo nyingi hugundulika kuwa zilikwishajulikana. Chache zinazosalia hupelekwa kwa wanyama wa maabara, kisha kwa watu wachache ili kupima usalama, halafu kwa wengi ili kulinganishwa na tiba iliyopo. Idadi kubwa huanguka njiani. Hadi sasa orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani haina dawa ya saratani iliyotokana na mdudu.

Vichuguu na vibali

Eneo linalotazamwa kwa matumaini zaidi hivi sasa ni lile lililofunguliwa na pederini, yaani bakteria wanaoishi na wadudu. Mchwa wanaolima uyoga ndani ya vichuguu, kama wale wa jenasi ya Macrotermes ambao vichuguu vyao hutapakaa katika nyika za Afrika, hukaa na bakteria wengi wanaotoa kemikali dhidi ya vimelea. Mwaka 2014 watafiti walieleza kemikali iitwayo natalamisini, kutoka kwa bakteria wa mchwa Macrotermes natalensis wa Afrika Kusini. Ni ya jamii ya geldanamisini, kemikali zinazozuia protini ya Hsp90 ambayo seli nyingi za saratani huitegemea. Faida ya njia hii ni kwamba bakteria, akikubali kukua maabara, huzalishwa kwa matangi. Hapahitajiki tena kukusanya wadudu milioni 25.

Afrika Mashariki haiko nje ya elimu hii. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 jijini Nairobi, kimejikita zaidi katika kilimo na magonjwa yaenezwayo na wadudu, lakini ujuzi wa kutenga kemikali za wadudu ambao kimeujenga ni ule ule unaohitajika katika dawa.

Kuhusu nani anufaike, nchi ya Costa Rica ilijaribu mapema. Mwaka 1991 taasisi yake ya bioanuwai, INBio, iliingia mkataba na kampuni ya dawa ya Merck, iliyolipa kidogo zaidi ya dola za Marekani milioni moja ili kupata sampuli za mimea, wadudu na vijidudu, pamoja na ahadi ya mgawo iwapo dawa ingepatikana. Mkataba huo ulisifiwa kote duniani, ingawa haukuzaa dawa yoyote sokoni. Kilichobaki ni mafunzo kwa wataalamu wa nchi hiyo na makusanyo ya vielelezo, na pengine hicho ndicho ambacho nchi yenye misitu inaweza kukitegemea kwa uhakika zaidi kuliko mrabaha wa dawa isiyojulikana kama itapatikana.

Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inazitaka pande zinazotumia rasilimali za kijenetiki kupata kwanza ridhaa ya nchi yenye rasilimali hizo na kukubaliana mgawanyo wa manufaa. Tanzania na Kenya ni miongoni mwa wanachama. Nchini Tanzania, mtafiti anayetaka kukusanya wadudu kwa ajili hiyo huomba kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na utafiti unaohusisha wagonjwa hupitia pia tathmini ya maadili inayosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kenya ina Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Mwananchi anayeombwa na mgeni kukusanya wadudu, asali, udongo wa kichuguu au mimea kwa malipo ana haki ya kuuliza kibali hicho kabla ya kuanza kazi, na anaweza kupata msaada katika ofisi ya serikali ya kijiji au ya halmashauri.

Kwa upande wa mgonjwa, waganga wa tiba asili nchini Tanzania husajiliwa chini ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na dawa za hospitali hudhibitiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mtu anayeuza kitu kwa madai kuwa kinaponya saratani aulizwe usajili wake. Uvimbe usiopona, kutokwa damu kusiko kwa kawaida, kidonda cha muda mrefu au kupungua uzito bila sababu ni dalili za kupelekwa kituo cha afya mapema, ambako mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au hospitali nyingine zenye huduma hiyo. Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake nchini, ina chanjo ambayo imekuwa ikitolewa kitaifa kwa wasichana tangu mwaka 2018.

Tarehe 24 Mei 2024, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani zilipitisha mjini Geneva mkataba unaomtaka anayeomba hataza ya uvumbuzi uliotokana na rasilimali za kijenetiki kutaja nchi zilikotoka, na pale ulipotokana na maarifa ya jadi, kuitaja jamii iliyoyatoa. Mkataba huo unahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili uanze kutumika.